Boda, uwakala, kuku, chapati au cherehani: ukiwa na laki tano uanze na ipi?

Juni 2014 watu zaidi ya elfu kumi walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Tangu wakati huo utaratibu umebadilika, maombi ya serikalini yanapita mtandaoni kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na foleni haionekani tena kwa macho, lakini ipo palepale. Kijana akishachoka kungoja kuitwa, anaambiwa ajiajiri. Anaambiwa na mjomba, na mheshimiwa, na watu wa semina. Ajiajiri kwenye nini, kwa shilingi ngapi, na ikiharibika afanye nini, hapo wote wanakaa kimya.

Mimi ndiye ninayeshika daftari la kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hapa Mbagala. Wanachama wengi ni watu waliojiajiri, na daftari la hisa halijui kupamba: linaonyesha nani analeta kila Jumapili, nani anakuja na kubwa kisha anapotea mwezi mzima, nani ameanza kukopa ili alipe mkopo. Nimechukua kazi tano ninazoziona humo nikaziweka bega kwa bega. Nimechukulia kijana mwenye laki tano mkononi, maana hicho ndicho kiasi ambacho familia nyingi huweza kukikusanya kwa shida. Bei ninazotumia ni za mfano, kwa Dar. Kwenu badilisha namba, ila njia ya kupiga hesabu ni ileile.

Niseme mapema ninachopimia. Watu hulinganisha kazi kwa siku yake nzuri: boda ameingiza elfu arobaini, mwenye kuku ameuza mia kwa mkupuo, wakala ana foleni hadi barabarani. Asiye na mshahara wa kuegemea napenda azilinganishe kwa siku mbaya. Siku hiyo ikifika inachukua nini, na kesho yake unaamka ukiwa na nini?

Laki tano inakufikisha wapi

Pikipiki mpya ya kubebea abiria ni kati ya milioni mbili na nusu na tatu, kwa hiyo laki tano hainunui. Vijana wengi wanaingia kwa mkataba. Tajiri ananunua chombo, dereva anapeleka hesabu, tuseme elfu 10 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa mwaka mmoja na miezi miwili hivi, kisha chombo kinakuwa chake. Zidisha 10,000 kwa siku 26 kwa miezi 14, unapata 3,640,000. Tofauti na bei ya dukani inakaribia milioni, na hiyo ndiyo gharama ya kutokuwa na fedha taslimu. Si wizi, tajiri naye ameweka mtaji wake barabarani, lakini uijue kabla ya kusaini. Laki tano yako hapa inakwenda kwenye mafunzo, leseni ya daraja A, helmeti mbili na akiba ya wiki za kwanza. Kwa mwenye mfuko mwepesi, mlango ulio wazi zaidi ni huu.

Uwakala wa fedha kwa simu unaonekana rahisi kwa sababu vifaa vyake vinaonekana: mwavuli, meza na simu. Mzigo wenyewe hauonekani. Wakala ana mifuko miwili, keshi na floti, yaani pesa iliyo ndani ya laini ya simu, na yote miwili lazima iwe na kitu muda wote. Sasa gawanya laki tano. Mteja wa mtaani anategemea kukuta M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa na Mixx by Yas, ile Tigo Pesa ya zamani. Ukitenga laki moja kila laini na laki moja keshi, mtu wa kwanza anayetaka kutoa laki mbili anaondoka, na akiondoka mara mbili hagusi tena meza yako. Kamisheni ya muamala mdogo ni mamia ya shilingi, kwa hiyo faida inatokana na mzunguko, na mzunguko unatokana na mtaji. Laki tano kwa uwakala ni ndogo, isipokuwa kama meza unaiweka ndani ya duka ambalo tayari lina wateja na keshi yake. Utahitaji pia kitambulisho cha NIDA, leseni ya biashara na TIN, namba ya mlipakodi, ambayo TRA, mamlaka ya mapato, huitoa bure, kwa hiyo usimlipe mtu wa kati.

Kuku wa nyama ndiyo hesabu inayodanganya kuliko zote, nitaipiga yote. Chukua vifaranga 100 kwa shilingi 1,800 kila kimoja: 180,000. Kuku mmoja mpaka wiki ya tano anakula kama kilo tatu na robo, mia wanakula mifuko sita na nusu ya kilo 50, na kwa elfu 80 kila mfuko ni 520,000. Chanjo, dawa na vitamini 40,000. Mkaa wa kuwapa joto 30,000. Maranda ya kutandika 15,000. Jumla 785,000, na banda bado hujalijenga, vyombo vya chakula na maji bado hujanunua. Sasa uza. Kawaida wachache hufa, tuseme wamebaki 95. Mchuuzi akija nyumbani na kukupa 7,500, unapata 712,500, yaani hasara. Ukiwauza kwa 9,500 moja kwa moja kwa wenye chipsi na kwa majirani, unapata 902,500, faida 117,500 kwa wiki tano za kukesha. Kuku ni walewale na chakula ni kilekile. Kilichobadilika ni nani aliyenunua. Kwa hiyo anayeanza na kifaranga kabla hajapata mnunuzi ameianza kazi kinyumenyume. Na kwa laki tano huwezi kuanza na mia, labda hamsini, ukiwa na kona ya kuwaweka isiyolipiwa kodi.

Meza ya chapati ya asubuhi: jiko, chuma cha kuchomea, sufuria mbili, chupa za chai, mabenchi mawili, vikombe, na unga wa kuanzia. Ukinunua vingine vilivyotumika, laki mbili na nusu inatosha, nusu ya mtaji inabaki. Kilo moja ya unga inatoa chapati kumi na mbili za saizi ya kuheshimika. Kwa mia tano ni 6,000. Toa unga elfu mbili, mafuta elfu moja, mkaa mia tano, unabaki na 2,500 kwa kilo. Kilo tano asubuhi ni 12,500, chai na maharage hujaweka. Sijasema ni kazi nyepesi. Unaamka saa kumi usiku, mgongo unauma, na moshi unauvuta kila siku.

Cherehani ya miguu inapatikana kwa kama laki tatu, uzi, mkasi na pasi ya mkaa juu yake. Mashine ipo ndani ya uwezo wako. Ujuzi ndio unaogharimu, na ujuzi unalipiwa kwa muda: miezi kadhaa VETA, chuo cha ufundi, au kukaa kwa fundi unafagia, unatia vifungo, unapiga pindo, mpaka siku anakuachia ukate kitambaa cha mteja.

Pesa inarudi lini

Chapati inarudisha asubuhi hiyohiyo. Saa nne unahesabu, saa tano unanunua unga wa kesho. Boda nayo ni ya siku hiyohiyo, ila elfu kumi ya kwanza si yako, na mafuta si yako. Bei ya petroli EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ikipanda nauli haipandi siku hiyo, abiria anabishana kwa wiki mbili. Dereva mzuri anajua kila siku, kabla ya kuwasha chombo, ni shilingi ngapi zitapita mikononi mwake kabla hajaanza kujifanyia kazi mwenyewe.

Uwakala, kamisheni hujikusanya na mara nyingi huingia kwa mkupuo baada ya mwezi. Hapo katikati unakula nini? Wengi wanakula mtaji. Wanachukua elfu tano ya keshi leo, elfu tatu kesho, na mwisho wa mwezi kamisheni ikiingia inaziba shimo tu. Nimeona mawakala waadilifu kabisa, wasiokunywa wala kucheza kamari, wakifunga meza kwa sababu hii moja. Anayefanikiwa karibu kila mara ana kitu kingine mezani: vocha, soda, vitafunwa, vifaa vya simu, kinachompa pesa ya kula bila kugusa floti.

Kuku wanataka wiki tano, na ubaya wa wiki hizo ni kwamba matumizi yanazidi kadiri unavyokaribia mwisho. Wiki ya kwanza kifaranga anakula kiganja. Wiki mbili za mwisho ndipo mifuko inapokwisha ukiangalia. Mfugaji anayeanza anaishiwa pesa wiki ya nne, anapunguza chakula, kuku wanadumaa, mnunuzi anapunguza bei. Kabla ya kuleta kifaranga, weka pesa ya chakula cha siku zote 35 pembeni. Kama haitoshi, punguza idadi ya vifaranga, usipunguze chakula.

Cherehani, ukishajua kazi, mteja anatanguliza nusu. Ni raha, kwa sababu anayetanguliza anakupa mtaji bila riba. Lakini kufika hapo ni miezi, na miezi hiyo lazima mtu akulishe.

Siku mbaya

Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Siku mbaya ya boda ni mwili wako. Wodi za Taasisi ya Mifupa Muhimbili zinajua habari za bodaboda kuliko mtu yeyote. Mguu ukivunjika, kipato kinasimama, hesabu ya tajiri inaendelea kuandikwa, na gharama za matibabu zinaanza, mambo matatu kwa siku moja. Bima ndogo inayolazimishwa na sheria inamlinda mtu mwingine uliyemgonga, wewe na pikipiki yako hamumo. Kwa sababu hii mkataba wa boda usiwe wa mdomo. Uandikwe, ushuhudiwe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kuwe na kifungu kinachosema wazi: dereva akiumwa au chombo kikiwa gereji kwa matengenezo makubwa, siku hizo zinahesabiwaje? Kikiibwa, nani anabeba? Tajiri anayekataa kuandika hayo amekueleza mapema atakavyofanya siku ikifika. Siku mbaya ndogondogo, kama faini, zina unafuu kidogo: tangu 2021 faini ya barabarani kwa bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka elfu 30 hadi elfu 10. Bado elfu kumi ni hesabu ya siku nzima.

Siku mbaya ya wakala inachukua dakika mbili. Kila Mtanzania ameshapokea ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", lakini wanaomlenga wakala ni wastadi zaidi. Anakuja mtu nadhifu, ameshika simu sikioni, anakuharakisha: niwekee laki tatu kwenye namba hii, natoa pesa sasa hivi. Mkono wake upo mfukoni. Wewe unabonyeza, ujumbe unaingia, yeye anasogea "kumwita dereva", basi. Mwingine anapiga simu anajitambulisha kuwa anatoka huduma kwa wateja, laini yako ina tatizo, anataka ubonyeze namba anazokusomea. Noti bandia nazo huja jioni, mwanga ukiwa hafifu. Kanuni ya meza hii ni moja na haina mjomba wala shemeji: keshi kwanza, ihesabu, iweke chini ya mkono wako, ndipo uiguse simu. Ukikosea hapo, kilichoondoka ni mtaji wenyewe, na kwa mwenye laki tano biashara imekwisha siku hiyo.

Na kuna siku mbaya ya wakala ambayo haina mwizi. Julai 2021 serikali ilianzisha tozo ya miamala ya simu. Watu wakarudi kupeana pesa mkononi, miamala ikapungua, na mawakala hawakuwa wamefanya kosa lolote. Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Kazi inayokaa juu ya mfumo wa mtu mwingine inaweza kubadilishwa na uamuzi wa Dodoma au wa kampuni ukiwa umelala. Jambo hili halikatazi kuifanya. Linakataza kuitegemea peke yake.

Kuku, siku yao mbaya ni siku tatu mfululizo. Ugonjwa wa mdondo ukiingia bandani, Jumatatu unakuta wawili wamekufa, Jumatano unafukia arobaini. Chanjo zipo na si ghali: mdondo siku ya saba, gumboro siku ya 14, mdondo tena siku ya 21, wakiwekewa kwenye maji ya kunywa. Lakini chanjo yenyewe ni kitu hai. Maji ya bomba ya Dar yana klorini, na klorini inaiua. Wanaojua hutumia maji yasiyo na dawa, au huyakorogea maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwanza, huwaacha kuku na kiu kwa saa mbili hivi ili wote wanywe kwa pamoja, na humaliza kabla jua halijawa kali. Anayemimina chupa ya chanjo kwenye ndoo ya bomba saa saba mchana anaamini amechanja, kumbe amewanywesha maji matupu.

Halafu joto. Usiku wa kwanza, ingia ulipowaweka vifaranga, usiwashe tochi kwa nguvu, wasikilize na uwatazame walivyokaa. Wakijirundika karibu na jiko wakilia kwa sauti ya juu, wana baridi, na wa chini watakufa kwa kukandamizwa. Wakikimbilia ukutani wametanua mbawa na kuachama, joto limezidi. Wakitawanyika sawasawa, wengine wanakula, wengine wamelala, hapo uko salama kwa saa mbili tatu. Ndiyo maana nasema kuku ni wa mtu anayelala palepale. Mwenye banda Chanika na yeye anaishi Sinza anamfugia jirani, na siku mbaya atasimuliwa kwa simu.

Siku mbaya ya chapati ni mvua. Masika yakipiga tangu alfajiri, wateja hawasimami, unabaki na chapati ishirini, mnakula nyumbani, mnawapa watoto wa jirani. Umepoteza elfu kumi. Mwezi wa Ramadhani mauzo ya asubuhi yanakufa kabisa sehemu nyingi, na mwenye akili anahamishia jiko jioni: tambi, maandazi, kaimati na chapati za futari, na wapo wanaopata zaidi kuliko miezi mingine. Linganisha: boda anapoteza mguu, wakala mtaji, mfuga kuku wiki tano, muuza chapati asubuhi moja.

Cherehani haipotezi hata asubuhi. Umeme ukikatika, ya miguu inaendelea, wakati kinyozi na mwenye saluni wamekaa nje wanangoja. Balaa lake ni kuharibu kitambaa cha mtu siku mbili kabla ya harusi. Unalipa kitambaa, na jina linachafuka mtaa mzima. Pesa inarudi upesi, jina linachukua muda.

Mahali na karatasi

Chapati ina adui mmoja mkubwa, nafasi. Oktoba 2021 machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara nchi nzima wakapelekwa maeneo yaliyotengwa, na waliokuwa wamejenga wateja kwa miaka walianza upya. Kwa hiyo usiweke jiko kwenye hifadhi ya barabara kwa kuwa tu watu wanapita. Afadhali baraza ya nyumba karibu na kituo cha daladala, gereji, eneo la ujenzi au shule, kwa makubaliano na mwenye nyumba, na uende ofisi ya serikali ya mtaa na kwa afisa afya wa kata ujue unachotakiwa kuwa nacho. Kwa kazi ya chakula, cheti cha kupima afya ni lazima.

Boda anahitaji kijiwe. Vijiwe vina viongozi na viingilio, na asiyejiunga hapati abiria wa asubuhi. Wakala anahitaji fremu au kona ya duka, na fremu za Dar mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa pamoja, laki tano yako imekwisha hapo. Kuku wana harufu, na mwenye nyumba wa kupanga hakawii kukukumbusha. Fundi cherehani anaanzia kibarazani kwao bila kumuudhi mtu.

Kuhusu kodi, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kodi ya mapato kwa mfanyabiashara mdogo. Watu husikia hivyo wakadhani hawahusiki. Piga hesabu: milioni 4 kwa mwaka ni kama elfu 11 kwa siku za mauzo, si za faida. Meza ya chapati inayouza elfu 30 kwa siku 300 imefika milioni tisa. Weka daftari la mauzo tangu siku ya kwanza, maana anayetunza kumbukumbu hupigiwa hesabu ya mauzo yake halisi, na asiyetunza hupangiwa kiwango.

Mwaka mmoja baadaye

Dereva aliyemaliza mkataba ana pikipiki iliyochoka lakini ni yake, na elfu kumi aliyokuwa akipeleka kwa tajiri sasa inabaki nyumbani. Ni hatua kubwa. Wapo wanaoikusanya mpaka wanunue ya pili na kumkabidhi kijana mwingine. Wapo wengi zaidi ambao siku waliyomaliza mkataba walianza kupumzika asubuhi, na daftari langu linawajua.

Uwakala unakua kwa kitu kimoja tu, mtaji zaidi. Kuku wanakua kwa wanunuzi: ukishakuwa na wenye chipsi watano wanaochukua kila wiki, unaanza kupanga makundi, kundi moja linatoka lingine lina wiki mbili, na Krismasi na Idi unapandisha idadi mapema kwa sababu siku ya kuuza unaijua tangu siku ya kuleta vifaranga. Januari punguza, watu wana ada za shule.

Chapati inakuwa mgahawa ukipata msaidizi unayemlipa kila siku bila kumkopa. Na cherehani, polepole kuliko zote mwanzoni, ndiyo inayofika mbali zaidi kwa mtazamo wangu. Fundi anayejua kukata suruali vizuri anapata sare za shule Novemba na Desemba, nguo za Idi, sare za harusi na vitenge vya vikundi, ananunua ovaloki, anachukua wanafunzi. Akihamia Mwanza au Mtwara kazi anayo. Wakala akihama anamwachia mtu wateja wake.

Nani achukue ipi

Kama unategemewa nyumbani na chakula cha leo kinatoka kwako leo, chukua meza ya chapati, au kitu cha jamii hiyo: uji, supu, vitumbua, viazi karai. Nalisema hili pia kwa mwenye shahada. Najua mzazi aliyeuza shamba kukusomesha anaumia akikuona nyuma ya jiko, na wewe unaumia zaidi. Lakini elimu yako haijapotea hapo. Anayejua kuandika gharama, kupima unga na kusoma mauzo ya wiki anamzidi jirani yake ndani ya miezi michache, nimeliona kwenye hisa.

Kama huna hata laki tano, una afya, leseni na kichwa kilichotulia, boda ya mkataba, kwa masharti niliyoyataja, na kwa lengo lenye tarehe. Isiwe kazi ya maisha. Iwe ya kumiliki chombo au kupata mtaji wa kitu kingine, na usiku wa manane uwe nyumbani.

Kama una duka tayari, au dada yako analo, ongeza uwakala. Kuanzia sifuri kwa laki tano, mimi siushauri.

Kama unaishi kwenu, kuna eneo uani, na umeshazungumza na wanunuzi watatu wanaojua bei, anza na kuku hamsini. Kundi la kwanza lichukulie kama ada ya kujifunza. La pili ndilo litakuonyesha kama kazi hii inakufaa.

Kama kuna mtu wa kukulisha kwa miezi sita, mzazi, kaka, mume au mke, usiimalize miezi hiyo kwa kungoja kuitwa kwenye usaili. Nenda ukajifunze ufundi, cherehani au mwingine wowote ambao mtaa wenu unauhitaji. Maombi ya kazi endelea kuyatuma, hayakatazani. Na anayejua kazi tayari lakini hana karatasi, VETA wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani.

Jambo la mwisho ni pesa ya kuongeza. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Inapitia vikundi vilivyosajiliwa, kwa hiyo tafuteni wenzenu mnaofahamiana kazi, mkamwone afisa maendeleo ya jamii wa kata, na mwanze kuweka akiba kabla ya kuomba, kwa sababu kikundi kilichoundwa wiki ya kuomba mkopo hujulikana. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, usiiguse, hata kwa wiki moja. Mikopo ya kwenye simu nayo iangalie sana: Novemba 2024 Benki Kuu ilizifungia aplikesheni na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila kibali, baadhi yakiwapigia simu ndugu na marafiki wa mkopaji kumdhalilisha. Faida ya chapati haiwezi kubeba riba ya namna hiyo, wala ya kuku, wala ya boda. Laki tano yako ikipungua, rudi kwenye kilo mbili za unga, uanzie hapo.